MBU HANA MPAKA WA UWANJA
Kivumbasi cha nyumbani na kazi ya ushirika katika kupambana na mbu Wete

Kila mwaka mvua za masika zinapoanza kunyesha kisiwani Pemba, mpunga huota mabondeni na mbu huzaliana kila palipotuama maji. Kwa mkulima wa Wete mambo haya mawili huja pamoja, na kwa miaka mingi ameyapokea kama anavyopokea kaskazi na kusi. Jioni makaa hutiwa katika chetezo au kigae, yakawekwa majani ya kivumbasi au makumbi ya nazi, na moshi ukaachwa uenee chumbani kabla watoto hawajalala. Wako wanaojipaka mafuta ya nazi yaliyochanganywa na mafuta ya karafuu, na wako wanaopanda mchaichai na mrihani karibu na mlango.

Desturi hizi si upuuzi. Nyingi kati yake zimepimwa na wataalamu na kuonekana kuwa zina nguvu fulani. Lakini nguvu hiyo ina mipaka, na mipaka hiyo haina budi kufahamika. Moshi na mafuta humfukuza mbu kwa muda wa saa chache. Hayapunguzi idadi ya mbu wanaozaliwa. Kupunguza idadi yao ni kazi ya kuyaondoa au kuyafunika maji wanamotaga mayai, na maji hayo hayamo katika uwanja wa mtu mmoja. Kufukuza mbu ni jambo la kila nyumba. Kuwapunguza ni jambo la mtaa mzima. Ndiyo sababu suala hili lavihusu vyama vya ushirika kama lihusuvyo pembejeo, usafirishaji na bei ya mazao.

HASARA KWA MWANACHAMA

Karafuu haimngoji mtu apone. Kikonyo hakina budi kuchumwa kabla ua halijafunguka, kwani karafuu iliyochanua mtini imekwisha poteza thamani yake. Baada ya kuchumwa huchambuliwa, ikaanikwa juani, ikageuzwa na kukusanywa haraka mvua ikitishia. Mchumaji akilala kwa homa siku 4 au 5 katikati ya msimu, hasara haiishii kwake. Mikarafuu yake hubaki na watu wachache, majamvi hukosa mwangalizi, na mzigo unaofika kituoni hupungua uzito na ubora.

Homa ya malaria huja ikapita, lakini yako maradhi ya mbu ambayo hayapiti. Matende na mabusha huanza kimya kimya. Minyoo myembamba kama uzi huishi mwilini kwa miaka, ikaharibu njia za maji ya mwili, na mguu au korodani ikavimba mtu akiwa bado ana nguvu za kazi. Mtu mwenye mguu wa matende hapandi mkarafuu wala mnazi. Chama kinaweza kumkopesha fedha na pembejeo, lakini hakiwezi kumrudishia mguu wake.

MBU WA AINA TATU

Watu wengi humwona mbu kuwa mdudu mmoja tu. Kwa kweli aina zake ni nyingi, na tatu ndizo zenye madhara makubwa katika mazingira ya Wete. Kila moja ina tabia zake na maji yake, na mtu asiyezitofautisha huenda akafanya kazi kubwa mahali pasipohusika.

Wa kwanza ni mbu wa malaria, ambaye wataalamu humwita Anopheles. Anapotua ukutani huinua sehemu ya nyuma ya mwili juu kama msumari uliopigwa upande. Hupenda maji yaliyo wazi, yasiyo machafu sana na yapigwayo na jua: madimbwi ya mabonde ya mpunga, nyayo za ng'ombe zilizojaa maji ya mvua, na mashimo yaliyochimbwa udongo wa kujengea. Kiluwiluwi chake hulala kimejinyoosha sambamba na uso wa maji.

Wa pili ni mbu wa makaro, aitwaye Culex. Huyu ndiye apigaye kelele sikioni usiku na kumnyima mtu usingizi. Yeye hutafuta maji machafu: makaro na mashimo ya vyoo yenye maji, mashimo ya maji ya kuogea, na mitaro iliyoziba. Kiluwiluwi chake huning'inia kichwa chini, kikivuta pumzi kwa mrija mfupi ulio mkiani. Katika miji ya Zanzibar ndiye msambazaji mkuu wa minyoo ya matende na mabusha.

Wa tatu ni mbu mweusi mwenye madoa meupe mwilini na miguuni, aitwaye Aedes. Huuma mchana, hasa asubuhi na alasiri, kwa hiyo chandarua cha usiku hakimzuii. Hutaga mayai katika vyombo: mapipa, mitungi, makopo, mipira ya magari iliyotupwa, vifuu vya nazi, madafu yaliyonywewa, hata makombe ya konokono na vidato vinavyokatwa katika shina la mnazi ili kupandia. Mayai yake hugandamana na ukuta wa chombo juu kidogo ya maji, nayo huweza kukaa makavu miezi kadhaa yakingoja mvua. Kumwaga maji peke yake hakutoshi basi. Ukuta wa chombo hauna budi kusuguliwa.

Huyu wa tatu ndiye aletaye homa ya dengue, na pwani hii inamjua kwa muda mrefu. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Unguja karne ya 19, aliandika juu ya homa iliyoenea mwaka 1870, ambayo wenyeji waliiita kidinga pepo, na wazee walimweleza kwamba ilikwisha wahi kufika mwaka 1823. Wataalamu wa baadaye wamejadiliana kama ilikuwa dengue au chikungunya, ugonjwa mwingine wa mbu huyo huyo, ambao jina lake limetokana na Kimakonde na ulielezwa mara ya kwanza baada ya mlipuko wa 1952 na 1953 kusini ya Tanganyika. Katika miaka ya karibu dengue ilienea sana Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Kwa wingi wa vyombo na mizigo inayovuka bahari kila siku, Pemba haiwezi kujihesabu kuwa mbali.

Jambo moja laziunganisha aina zote tatu. Tangu yai hadi mbu arukaye, katika joto la pwani, hupita takriban siku 7 mpaka 14. Chombo kinachomwagwa na kusuguliwa mara moja kila juma hakipati kutoa mbu. Hesabu hii ndogo ndiyo msingi wa kazi yote itakayoelezwa hapa chini.

MAJANI, MAFUTA NA MOSHI

Utafiti uliofanywa magharibi ya Kenya na kuchapishwa mwaka 2002 ulipima mimea inayotumiwa na wananchi dhidi ya mbu wa malaria. Mimea ya jamii ya kivumbasi ikiwa hai ndani ya vyungu nyumbani ilipunguza mbu kwa zaidi ya theluthi. Majani yake yalipowekwa juu ya bati lenye joto, pasipo kushika moto, yalifukuza zaidi kidogo ya nusu ya mbu. Yalipochomwa moja kwa moja juu ya makaa nguvu yake ilipungua, kwa sababu moto huunguza yale mafuta yenye harufu ambayo ndiyo yanayomchukiza mbu. Anayependa kufukiza atapata faida zaidi akiweka majani juu ya kikaango kikuukuu au kipande cha bati juu ya makaa kuliko kuyatupa ndani ya moto.

Mafuta ya karafuu ni mali ya Pemba yenyewe. Katika kiwanda cha Wawi, karibu na Chake Chake, makonyo na majani ya mkarafuu huchemshwa kwa mvuke ili kutoa mafuta hayo. Ndani yake mna kiini kiitwacho eujenoli, ambacho mbu hakipendi. Mafuta ya karafuu yasiyochanganywa huweza kumzuia mbu kwa muda wa saa 2 au zaidi. Lakini yakiwa makali hivyo huchoma ngozi, na hayafai kabisa kupakwa mtoto mchanga, usoni wala penye jeraha. Yakichanganywa na mafuta mengi ya nazi hayachomi sana, ila muda wake wa kumzuia mbu nao hupungua. Mtu hawezi kupata upole na nguvu kwa pamoja.

Mchaichai na ndugu zake wana mafuta yanayofukuza mbu, lakini huruka hewani upesi, na kwa kawaida nguvu yake huisha kabla ya saa 2. Jani lililosimama kiungani bila kusagwa wala kupashwa moto hutoa mafuta kidogo sana, kwa hiyo kupanda mchaichai mlangoni ni jambo jema kwa chai kuliko kwa mbu. Mafuta ya mwarobaini yaliyochanganywa na mafuta ya nazi yamesifiwa katika baadhi ya majaribio na kuonekana dhaifu katika mengine. Dawa ya asili ya mimea iliyothibitika kudumu saa nyingi ni ile inayotokana na mkaratusi wenye harufu ya limau, nayo ni ile iliyosafishwa kiwandani, si majani mabichi.

Moshi wenyewe una madhara. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2003 ulipima udi wa mbu wa dukani, ule ulioviringwa, ukaona kwamba udi mmoja ukichomwa mpaka mwisho hutoa vumbi laini la moshi sawa na la sigara 75 hadi 137. Moshi wa makumbi ya nazi nao haumwachi mtoto mwenye pumu salama. Yafaa chumba kifukizwe watu wakiwa nje, kisha kipitishwe hewa, na walalaji waingie chini ya chandarua.

Je, dawa hizi zina kazi gani basi? Zina kazi ya zile saa ambazo chandarua hakiwezi kumlinda mtu. Tangu vyandarua vyenye dawa vilipoenea Zanzibar, sehemu kubwa ya mbu wa malaria waliobaki ni wale wanaouma nje ya nyumba na mapema jioni. Watu wanaozungumza barazani baada ya Isha, wanaolinda karafuu iliyoanikwa, wavuvi wanaongojea maji na wanawake wanaopika uani wanahitaji kitu cha kujipaka. Kwa saa hizo mafuta yafaayo ya mimea, au dawa ya dukani, ni msaada wa kweli.

MBU AFUKUZWAPO HUENDA WAPI?

Swali hili si la mzaha. Mbu jike aliyefukuzwa hakufa na njaa yake haikuisha. Anahitaji damu ili mayai yake yakomae, naye ataitafuta mahali pengine.

Katika vijiji vya bonde la Kilombero, Tanzania Bara, watafiti waligawa dawa ya kujipaka kwa nyumba 8 katika kila 10, na nyumba zilizobaki hazikupata dawa hiyo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba ndani ya zile nyumba chache zisizotumia dawa walipatikana mbu karibu mara 4 ya wale waliokuwamo katika nyumba za vijiji ambako dawa haikutumika kabisa. Mbu walikuwa wamehamia kwa jirani asiye na kinga.

Tokeo hilo lastahili kuzingatiwa na kila mwanachama. Katika mtaa ambamo wenye uwezo hununua dawa na wengine hawana, kinga ya tajiri huwa mzigo wa maskini. Mjane asiye na fedha ya mafuta, au mzee alalaye peke yake, ndiye apokeaye mbu wa mtaa mzima. Ushirika ulianzishwa ili mambo ya namna hii yasitokee katika soko. Hapana sababu ya kuyaacha yatokee uani.

MFANO WA MAKUNDUCHI NA MOGA

Zanzibar ina mfano wake wa kazi ya pamoja juu ya mazalia ya mbu, nao unajulikana na wataalamu wa nchi nyingi. Mji wa Makunduchi, kusini ya Unguja, ulikuwa umeathirika sana kwa minyoo ya matende. Karibu nusu ya watu waliopimwa, yaani asilimia 49, walikuwa na vijidudu vya minyoo hiyo katika damu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wa afya wa Zanzibar, wakishirikiana na Christopher Curtis na Caroline Maxwell wa chuo cha maradhi ya nchi za joto cha London, waliwapa wakazi dawa iitwayo DEC. Pamoja na dawa walifanya jambo la pili: walishughulikia makaro na mashimo ya vyoo yenye maji katika mji huo.

Njia waliyoitumia ilikuwa rahisi. Walimwaga juu ya maji punje za polisterini, ile plastiki nyeupe nyepesi inayozungushiwa redio na majokofu yasivunjike. Punje hizo huelea zikafanya tabaka zito juu ya maji. Kiluwiluwi kinachopanda kuvuta pumzi hukuta njia imezibwa na kufa, na mbu jike hapati maji ya kutagia. Punje haziozi na haziliwi, kwa hiyo shimo lililofunikwa hivyo, lisipofurika, huweza kukaa bila mbu kwa miaka.

Kiwango cha watu wenye vijidudu Makunduchi kiliendelea kushuka kwa muda wa miaka 5, kutoka asilimia 49 mpaka asilimia 3. Katika mji mwingine, Moga, wakazi walipewa dawa ile ile ya DEC lakini mashimo yao hayakushughulikiwa. Huko vijidudu vilipungua mwanzoni, kisha baina ya mwaka wa 3 na wa 6 baada ya dawa vikaanza kuongezeka tena. Dawa ilikuwa moja. Tofauti ilikuwa makaro.

Katika mji wa Zanzibar kazi ilikuwa ngumu zaidi. Mashimo 3,844 yalitiwa punje, na mbu wakapungua kwa kadiri ya asilimia 65. Sehemu ambako mitaro na mabwawa pia yalitiwa dawa ya kuua viluwiluwi haikupata nafuu kubwa zaidi. Wataalamu wenyewe walikiri kwamba kwa mji mkubwa gharama na taabu ya kazi hiyo ni nyingi ikiwa lengo ni matende peke yake, ingawa nafuu ya kulala bila kelele za mbu huwafanya wananchi waiunge mkono. Hapa pana mafunzo mawili. Kwanza, mbu wa mjini wengi hutoka vyooni, si vichakani kama wengi wanavyodhani. Pili, kazi hii humfaa zaidi mji mdogo au mtaa ambao mashimo yake yanahesabika na wenye mashimo wanafahamiana. Mitaa ya Wete na vijiji vinavyoizunguka ina sifa hiyo.

FUNZO LA MWAKA 1968

Mafanikio nayo huweza kuleta uzembe. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1950 Zanzibar ilikuwa na mpango mkubwa wa kufuta malaria, uliosaidiwa na Shirika la Afya Duniani. Kuta za nyumba zilipigwa dawa, Unguja na Pemba, na malaria ikapungua sana. Mwaka 1968 mpango huo ulisimamishwa. Mbu walikuwako bado, mabonde yalikuwako bado, na katika miaka ya 1970 ugonjwa ukarudi kwa nguvu.

Kuanzia 2003, kwa dawa mpya za kutibu, na baadaye kwa vyandarua vyenye dawa na upigaji dawa majumbani ulioanza 2006, malaria Zanzibar ilishushwa tena mpaka ikawa chini ya mtu 1 katika kila 100 wanaopimwa. Hata hivyo, baada ya miaka michache tu mbu wa Pemba walionekana kustahamili dawa ya jamii ya pareto iliyokuwa ikipigwa ukutani, ikalazimu kubadilishwa. Na mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 wagonjwa wa malaria Zanzibar waliongezeka ghafla. Kwa upande wa matende, dawa za kumeza zimekuwa zikitolewa kwa wananchi wote kwa awamu tangu 2001, na zimesaidia sana. Lakini Moga imekwisha onyesha nini hufuata dawa inapokoma hali mbu hawajapunguzwa.

KAZI IWEZAYO KUFANYWA NA CHAMA

Mambo yafuatayo hayahitaji mtaalamu kutoka mbali wala fedha nyingi. Yanahitaji makubaliano.

Siku moja ya juma. Kila chama kichague siku moja, na kwa saa ile ile kila nyumba imwage na kusugua mapipa, mitungi na ndoo, ifukie au kupindua vifuu na makopo, na izibue michirizi ya mapaa ya bati. Nusu saa yatosha. Faida ya siku moja kwa wote ni kwamba mbu hapati nyumba iliyosahauliwa. Mipira ya magari isiyotumika itobolewe au ihifadhiwe ndani, isije ikawa mtungi wa Aedes.

Hesabu ya makaro. Wanachama wawili au watatu wa kila mtaa, kwa idhini ya sheha, wapite nyumba kwa nyumba na kuandika ni vyoo vingapi vina maji, ni vingapi vina mfuniko uliopasuka, na ni mabomba mangapi ya hewa yasiyo na wavu. Shimo kavu halizai mbu wa makaro, hivyo kazi itakuwa ndogo kuliko inavyodhaniwa. Nyufa zizibwe kwa saruji, mfuniko ukae sawa, na mdomo wa bomba la hewa ufungwe wavu mwembamba. Saruji na wavu vikinunuliwa na chama kwa pamoja bei yake hupungua, na asiye na uwezo huweza kulipa kidogo kidogo. Inapofikiriwa njia ya punje za Makunduchi, wataalamu wa afya ya mazingira waulizwe kwanza, kwani shimo linalofurika wakati wa masika huzimwaga punje hizo uwanjani na mwisho wake baharini.

Mafuta machafu yasitumike. Wako wanaomwaga mafuta ya taa au ya injini shimoni ili kuua viluwiluwi. Hufa kweli, lakini visima vingi haviko mbali na vyoo, na maji yaliyoingia mafuta hayanyweki tena.

Mashamba na mabonde. Bonde la mpunga haliwezi kukaushwa, maana ni chakula. Lakini mashimo ya udongo yaliyoachwa wazi baada ya ujenzi yaweza kufukiwa, na nyumba zilizo kando ya bonde ndizo zisizofaa kukosa chandarua hata usiku mmoja. Baada ya kuangua nazi, vifuu vichomwe au vilazwe kifudifudi.

Kambi za karafuu. Mchumaji anayehamia shamba msimu mzima mara nyingi huacha chandarua nyumbani. Chama kinachopeleka majamvi na magunia kambini kipeleke na vyandarua, na katika hesabu ya vifaa vya msimu viandikwe pamoja.

Kupimwa damu. Hakuna jani linaloponya malaria ya mtoto. Homa yoyote ipelekwe kituo cha afya au hospitali ya Wete mapema, ikapimwe. Mgonjwa aliyetibiwa upesi hamwambukizi mbu, na mbu asiyeambukizwa hana la kumpa jirani.

HITIMISHO

Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na mbu ana mbawa ambazo chawa hana. Kivumbasi kiendelee kuota uani na mafuta ya karafuu yaendelee kusaidia barazani. Vyote viwili ni vya asili ya Pemba na vina kazi yake kwa saa chache za jioni. Lakini mwanachama anayefukiza chumba chake huku karo lake limepasuka uani amewatuma mbu wake kwa jirani, na usiku unaofuata jirani huwarudisha. Mahali pa kuanzia ni mkutano ujao wa chama: kuchagua siku ya juma, kuteua watakaohesabu makaro, na kuandika majina yao katika kitabu cha kumbukumbu, ili mkutano utakaofuata uweze kuuliza kazi imefikia wapi.